Kidonda Kisichosikia Dawa: Kazi ya Vichocheo vya Ukuaji katika Kuponya Ngozi

Mtoto akijikata kidole kwa wembe, jambo la kwanza alifanyalo ni kukipeleka kinywani. Hakufundishwa na mtu. Baada ya dakika chache damu hukatika, kesho yake kigaga huwa kimeanza kujijenga, na kabla ya majuma mawili kwisha hubaki alama nyembamba tu, ambayo mama yake hulazimika kuitafuta kwa macho. Katika nyumba iyo hiyo, bibi yake mwenye kisukari anaweza kuwa na kidonda unyayoni, kisichozidi ukubwa wa sarafu, ambacho kimetimiza miezi mitano bila kufunga. Kimepakwa mafuta, kimemwagiwa unga wa kapsuli za rangi mbili, kimeoshwa kwa dawa kali mpaka kikatoa povu, na bado kinalowesha bandeji kila asubuhi. Watu wa nyumbani husema kidonda hicho hakisikii dawa.

Usemi huo una ukweli kuliko wanavyodhani wale wanaousema. Ngozi iliyokatika hujifunga kwa sababu seli zake hupokea ujumbe unaoziamuru zihame, zigawanyike na zijenge upya. Wajumbe wenyewe ni protini ndogo zinazoitwa vichocheo vya ukuaji. Katika kidole cha mtoto ujumbe hutolewa, hufika na husikika. Katika unyayo wa bibi, ujumbe huharibiwa njiani, au hufika kwa seli ambazo hazina tena uwezo wa kuuitikia. Kuielewa tofauti hiyo ni jambo la maana sana, kwa kuwa kidonda cha namna hiyo kikiachwa, mwisho wake mara nyingi huwa ni kukatwa mguu.

Panya waliofumbua macho mapema

Habari za protini hizi hazikuanzia kwenye vidonda. Rita Levi-Montalcini, mzaliwa wa Turin nchini Italia, alizuiwa kufanya kazi chuoni kwa sheria za kuwabagua Wayahudi zilizotungwa mwaka 1938. Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akawa anachunguza namna neva zinavyoota katika vifaranga wasioanguliwa bado. Baada ya vita alihamia St. Louis, Marekani, na huko mwaka 1953 mwanakemia Stanley Cohen akaungana naye. Walikuwa wakitafuta dutu inayochochea neva kuota, na hatimaye wakaikuta kwa wingi katika tezi za mate za panya.

Cohen alipowadunga panya wachanga maji yaliyotolewa katika tezi hizo, aliona jambo asilolitazamia. Panya wale walifumbua macho wakiwa na umri wa siku 7 hivi, ilhali kwa kawaida panya hufumbua macho kati ya siku ya 12 na ya 14. Meno yao nayo yaliota mapema. Cohen hakulipuuza jambo hilo. Aling'amua kwamba ndani ya maji yale mlikuwa na kitu kingine, tofauti na kile cha neva, kinachoharakisha ukuaji wa ngozi ya kope. Mwaka 1962 alichapisha taarifa ya protini hiyo, ambayo leo inajulikana duniani kote kwa kifupi cha EGF, yaani kichocheo cha ukuaji wa tabaka la juu la ngozi. Ni protini ndogo iliyoundwa kwa amino asidi 53 tu. Mwaka 1986 Cohen na Levi-Montalcini walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Mate ya binadamu nayo yana EGF. Kwa hiyo mtoto anayeweka kidole kinywani hafanyi jambo lisilo na maana kabisa, na ndiyo mojawapo ya sababu majeraha ya ndani ya kinywa hupona upesi. Hata hivyo, kinywa kina bakteria wengi, na kinywa cha mbwa au paka kina wengine wa hatari zaidi. Kidonda cha mgonjwa wa kisukari kisitiwe mate wala kisilambwe na mnyama yeyote.

Mwaka 1974 mtafiti Russell Ross na wenzake, mjini Seattle, walieleza ugunduzi mwingine mkubwa. Walikuza seli za mishipa ya damu katika vyombo vya maabara, wakaona kwamba seli hizo ziligawanyika vizuri zilipopewa majimaji ya damu iliyokwisha kuganda. Zilipopewa majimaji yaliyoondolewa chembe sahani kabla ya damu kuganda, zilidumaa. Ikabainika kwamba chembe sahani, ambazo hadi wakati huo zilijulikana zaidi kwa kuziba matundu ya mishipa, hubeba pia kichocheo cha ukuaji. Kichocheo hicho kikaitwa PDGF.

Jinsi kazi inavyogawanywa

Ngozi inapokatika, chembe sahani ndizo zinazowahi. Hujikusanya mahali palipochanika, huzuia damu, kisha hupasua vifuko vyake na kumwaga PDGF pamoja na kichocheo kingine kiitwacho TGF-beta. Yaani papo hapo damu inapozuiwa, mwito wa matengenezo huwa umekwisha kupigwa.

Wa kwanza kuitikia ni chembe nyeupe za damu, zinazokuja kuua vijidudu. Baada ya siku mbili tatu huingia makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Makrofaji haziishii kufagia. Zenyewe hutoa vichocheo vya ukuaji kwa wingi, na ndizo zinazokigeuza kidonda kutoka katika hali ya mapambano na kukiingiza katika hali ya ujenzi. Wekundu, joto na uvimbe kidogo katika siku hizo za mwanzo ni sehemu ya kazi hiyo, wala si dalili ya ubaya zinapopungua siku hadi siku.

Ndipo huanza ujenzi wenyewe. PDGF na kundi la vichocheo viitwavyo FGF huziita fibroblasti, yaani seli zinazofuma nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara wake. VEGF huiamuru mishipa midogo ya damu ichipue kuelekea katikati ya kidonda. Nyama nyekundu yenye vipunjepunje, ambayo wauguzi hufurahi kuiona wanapofungua bandeji, ni kolajeni changa na mishipa hiyo mipya. Juu yake, EGF na vichocheo vya jamaa yake huziamuru seli za ukingoni zigawanyike na kutambaa kutoka pande zote mpaka zikutane.

Kila kichocheo hufanya kazi kwa kushika kipokezi chake juu ya utando wa seli. Kipokezi ni kama sikio: kikishikwa, habari hupita ndani hadi kwenye kiini cha seli, na seli huanza kutenda. Seli isiyo na kipokezi, au iliyochakaa, haitendi lolote hata ikizungukwa na wajumbe elfu.

Kufunga kwa ngozi si mwisho wa kazi. Kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi kolajeni ya mwanzo huvunjwa na kufumwa upya kwa mpango ulio imara. Baada ya majuma matatu kovu huwa na takriban asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya asili, na hata likikomaa halizidi asilimia 80 hivi. Kwa sababu hiyo mguu uliopona kidonda huhitaji kulindwa kuliko ule ambao haujawahi kuumia.

Kwa nini ujumbe haufiki

Kidonda cha unyayo cha mgonjwa wa kisukari aghalabu huanza kwa ganzi. Sukari iliyozidi kwa miaka mingi huharibu neva za miguu, na mgonjwa hukanyaga msumari, kokoto au mshono wa kiatu asijue. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuripoti katika majarida ya kitabibu habari za wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa usingizini. Panya walitafuna, na mguu haukuwaamsha wenyewe.

Maumivu yangemfanya mtu achechemee na kuupumzisha mguu. Asiyeyasikia huendelea kutembea, na kila hatua hukiponda kidonda upya. Mishipa midogo inayochipua leo hupasuliwa kesho. Hali hii hukirudisha kidonda katika zamu ya mapambano kila siku, nacho hakivuki kuingia katika ujenzi.

Chembe nyeupe zinazoitwa bila kukoma huleta madhara mengine. Hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha protini, ambavyo kazi yake halali ni kuondoa nyuzi zilizoharibika. Katika kidonda sugu vimeng'enya hivyo huzidi mno, vikavunja pia kolajeni mpya na vichocheo vya ukuaji vyenyewe. Yale majimaji yanayolowesha bandeji kila asubuhi ni yenye kuharibu: mjumbe huuawa kabla hajafika. Nyama iliyokufa na utando wa bakteria huuchochea moto huo, ilhali sukari iliyo juu hudhoofisha chembe nyeupe, na mishipa mikubwa ikiwa imeziba, oksijeni na chakula cha seli havifiki mguuni. Mwisho kabisa, seli za ukingo wa kidonda cha miezi mingi huwa zimechoka. Zipo hai, lakini hazigawanyiki tena.

Dawa zilizotokana na ugunduzi huo

Wataalamu walipojifunza kutengeneza vichocheo vya ukuaji kwa njia ya uhandisi jeni, matumaini yalikuwa makubwa. Mwezi Desemba 1997 Marekani iliidhinisha jeli yenye PDGF, iitwayo becaplermin, kwa ajili ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Japani iliidhinisha dawa ya kupuliza yenye FGF mwaka 2001. Kuba, kwa upande wake, ilisajili mwaka 2006 dawa yenye EGF iitwayo Heberprot-P, ambayo hudungwa ndani ya kidonda na katika kingo zake, ili protini ifike mahali ambapo majimaji ya juu hayaiharibu kwa urahisi.

Katika mojawapo ya majaribio ya jeli ya PDGF, lililochapishwa mwaka 1995 na kuwahusisha wagonjwa 118, vidonda vya asilimia 48 ya waliopakwa dawa vilifunga kabisa ndani ya majuma 20, vikilinganishwa na asilimia 25 ya waliopakwa jeli isiyo na dawa. Lakini watafiti walipoyapitia matokeo hayo upya mwaka uliofuata, waliona jambo lenye uzito kuliko dawa yenyewe. Katika vituo ambako nyama iliyokufa iliondolewa mara kwa mara, wagonjwa wengi zaidi walipona. Katika vituo ambako kazi hiyo ilifanywa kwa nadra, waliopona walikuwa wachache, hata miongoni mwa waliopewa dawa. Kisu cha kusafishia kidonda kilikuwa kinaiwezesha protini kusikika.

Njia nyingine ni kutumia vichocheo vya mgonjwa mwenyewe. Damu yake huchukuliwa, huzungushwa katika mashine, na sehemu yenye chembe sahani nyingi huwekwa juu ya kidonda. Jaribio moja kubwa lililochapishwa mwaka 2018, ambalo lilitumia kipande laini kilichotengenezwa kwa chembe sahani, chembe nyeupe na nyuzi za damu, lilionyesha uponaji wa asilimia 34 katika majuma 20, dhidi ya asilimia 22 kwa wale waliopata huduma ya kawaida peke yake. Ni nafuu ya kweli, ingawa takwimu hizo pia zinaonyesha kwamba wagonjwa wawili kati ya watatu walikuwa bado hawajapona. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari haizihesabu protini za ukuaji kuwa tiba ya kila siku. Huitaka huduma ya msingi itangulie na ikamilike.

Ujumbe unapozidi

Ukuaji ni amri isiyochagua, na mwili huilinda kwa makini. Mwaka 1983 iligundulika kwamba jeni ya kirusi kinachosababisha saratani kwa nyani inafanana sana na jeni ya PDGF. Kwa sababu hiyo jeli ya PDGF haipakwi mahali penye saratani. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kuhusu vifo vya saratani kwa waliotumia mirija mingi. Uchunguzi wa baadaye haukuuthibitisha wasiwasi huo kwa kiwango kilichohofiwa, na onyo hilo likaondolewa mwaka 2018. Hata hivyo somo lake limebaki: dawa hizi hutolewa kwa uamuzi wa daktari, na kidonda kisichopona kichunguzwe kwanza kisije kikawa chenyewe ni saratani ya ngozi.

Mfano ulio karibu zaidi na Waafrika wengi ni keloidi, lile kovu linalotuna na kuvuka mipaka ya jeraha baada ya kutoga sikio au kunyoa ndevu. Hapo tatizo si uhaba wa ujumbe. Ni TGF-beta inayoendelea kuziamuru fibroblasti zifume kolajeni ilhali kazi imekwisha. Mtu mwenye keloidi hana sababu ya kutafuta krimu ya kukuza ngozi.

Kuhusu krimu na seramu za urembo zinazodaiwa kuwa na vichocheo vya ukuaji, ni vyema kukumbuka kipimo kimoja. Ngozi isiyo na jeraha hupitisha kwa shida molekuli zenye uzito unaozidi daltoni 500 hivi, na EGF ina uzito wa daltoni 6,000 hivi. Protini iliyopakwa juu ya ngozi nzima hubaki juu kwa sehemu kubwa. Nayo bidhaa ya urembo isipakwe kamwe juu ya kidonda.

Yanayowezekana katika zahanati

Zahanati nyingi hazina jeli ya PDGF wala mashine ya kuzungushia damu. Lakini karibu kila kitu kinachoufanya ujumbe wa mwili usikike kinaweza kuanza pale pale.

La kwanza ni kuigundua ganzi kabla ya kidonda. Mhudumu humwambia mgonjwa, "Bibi, fumba macho. Nikikugusa kidole, niambie ni mguu gani." Kisha hugusa kwa wepesi, kwa ncha ya kidole chake na kwa sekunde moja au mbili, kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Mgonjwa asiyehisi miguso miwili au zaidi kati ya sita ahesabiwe kuwa ana ganzi. Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, nacho hakihitaji kifaa chochote.

La pili ni kupapasa mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Yasipopatikana, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa kabla ya kukatwa nyama yoyote, maana mguu usio na damu hauwezi kujenga.

La tatu ni kusafisha. Maji safi au salaini hutosha kuoshea. Dawa kali zinazotoa povu huua vijidudu, lakini huua pia fibroblasti. Mhudumu aliyefunzwa aondoe nyama iliyokufa na sugu la ukingoni kwa kisu, na arudie kila inapojijenga. Mfupa ukionekana au ukiguswa na kifaa ndani ya kidonda, maambukizi ya mfupa yashukiwe na mgonjwa apewe rufaa.

La nne, na ndilo linalosahauliwa zaidi, ni kuondoa uzito. Kidonda cha unyayo kinachokanyagwa hakiponi. Plasta ngumu inayofika chini ya goti, iliyofungwa na mtaalamu kwa namna isiyovuliwa, ndiyo njia bora kwa kidonda cha ganzi chenye damu ya kutosha na kisicho na maambukizi makali. Isipokuwapo, magongo, kiatu kilichotobolewa soli mahali pa kidonda na mapumziko ya kweli husaidia.

La tano ni rula. Kidonda kipimwe urefu na upana siku ya kwanza, na vipimo viandikwe kwenye kadi. Chenye sentimita 4 kwa 3 kina eneo la sentimita za mraba 12. Baada ya majuma manne kinapaswa kuwa kimeshuka hadi 6 au chini yake, mathalani 3 kwa 2. Kisiposhuka kwa nusu, uwezekano wa kufunga ndani ya majuma kumi na mawili ni mdogo, na huo ndio wakati wa rufaa. Usingojewe mwezi wa tano.

Nyumbani, mgonjwa anayo sehemu yake, nayo si ndogo. Adhibiti sukari kwa dawa alizoandikiwa. Ale protini ya kutosha, kama vile maharage, dagaa, mayai au maziwa, pamoja na matunda na mboga zenye vitamini C, ambayo mwili huihitaji kufumia kolajeni. Aache sigara, kwa maana hubana mishipa. Akague nyayo kila jioni, au amwombe mjukuu amtazamie, na aukung'ute mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Asimwagie kidonda unga wa kapsuli, majivu wala mafuta ya taa. Asikande miguu kwa maji ya moto, kwa kuwa ganzi haitamwonya anapoungua. Na akiona harufu mbaya, weusi, usaha, wekundu unaopanda mguuni au homa, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi mwenye kidonda cha miezi mitano si kwamba mwili wake umesahau namna ya kupona. Chembe sahani zake bado zina PDGF, na mate yake bado yana EGF kama ya mjukuu wake. Kinachotakiwa ni mtu wa kukisafisha kidonda, kukipunguzia mzigo na kukipima. Mjukuu aliyepona kidole chake anaweza kuwa ndiye huyo anayemshikia bibi yake rula, akisoma namba kwa sauti kila Jumapili, huku namba zenyewe zikipungua.